MWALIMU NAYE NI MWANAFUNZI

Wahenga walinena kuwa elimu haina mwisho. Msemo huu nimeuandika katika insha tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata mwaka jana, tena kwa aibu.

Mimi ni wa lile kundi lililoingia darasa la kwanza mwaka 2016, wakati serikali ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Ni sisi pia tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Basi wengi wetu hujiona mafundi wa mitambo. Simu ikigoma nyumbani, mama huita, "Hebu njoo unitengezee hii!" Nasi vichwa vinavimba.

Siku moja tukiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Bayolojia, mama wa makamo aliyesomesha miaka mingi, alikuja darasani na projekta. Alitaka kutuonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu. Lo! Mtambo ulikataa katakata. Ukutani ikatokea rangi ya buluu tupu. Akachomoa waya, akachomeka. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Jasho likamtoka, na joto la Mjambere mnalijua. Nami kutoka nyuma nikasema, "Mwalimu, afadhali chaki!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakunijibu. Alikunja waya wake polepole, akachora moyo ubaoni. Kutoka siku hiyo projekta ikakaa kabatini.

Mwezi uliofuata nilitumwa kupeleka madaftari katika chumba cha walimu, saa kumi jioni. Nilidhani nitawakuta wakinywa chai. Kumbe! Walimu watano wamezunguka meza moja, projekta iko katikati. Mwalimu wa Jiografia, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, alikuwa akimwelekeza yule mama: "Washa projekta kwanza, mama, halafu uunganishe waya. Sasa bonyeza hivi viwili pamoja." Picha ikatokea. Mama naye akamwambia, "Na wewe mwanangu, usiwapitishie picha kumi kwa dakika mbili. Simamisha moja, uwaulize wanaona nini, ndipo uendelee." Yule kijana akaandika.

Mwalimu akageuka, akaniona mlangoni. "Ingia, fundi," akasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye nilimweleza mlezi wa chama chetu. Akaniambia jambo hili si geni. Mwaka 1998 Kenya, kwa usaidizi wa Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi walioko kazini. Mwendo wake ulikuwa mambo manne: panga, tenda, tazama, boresha. Huko Japani ni desturi walimu kupanga somo pamoja, mmoja akafundisha, wenzake wakakaa nyuma kutazama, kisha wote wakalijadili. Kinachojadiliwa ni somo, si mtu.

Hapo nikaelewa. Mtambo hununuliwa kwa pesa, lakini kuujua kunataka mtu akubali kukosea mbele ya wenzake. Pale mezani hakuna aliyemcheka mwenzake. Darasani nilimcheka mimi, na kicheko changu ndicho kilichofunga lile kabati. Waliokosa somo ni sisi wenyewe.

Nilimwendea mwalimu kumwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Haya, kama unajua, kazi yako itakuwa kuleta projekta na kuijaribu kabla ya kengele."

Wiki iliyofuata alirudi nayo. Mwalimu wa Jiografia akaketi nyuma pamoja nasi, daftari mkononi. Ile buluu ikatokea tena! Darasa likanyamaza kimya. Mwalimu akabonyeza viwili pamoja, na moyo ukaanza kupiga ukutani. Akausimamisha. "Damu hii sasa inaelekea wapi?" Mikono ikainuka. Tulipokuwa tunaanza kunoga, stima ikapotea! Mwalimu akachukua chaki, akamalizia ubaoni. Hapo tulicheka sote, naye akiwemo.

Wanafunzi wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu wetu wanajifunza wao kwa wao jioni sisi tukiwa tumeshapanda matatu. Siku mtambo ukigoma darasani, tusiwacheke. Tuwape nafasi, maana wao walitupa sisi nafasi hiyo tangu tulipoanza kushika kalamu.