Kwa Baisikeli kutoka Ugogo hadi Uhehe

Utajapo utamaduni wa taifa mbele ya wanafunzi, aghalabu fikira zao hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi ya arusi. Hayo yote ni sawa. Lakini zipo stadi nyingine ambazo watu wetu wamezitumia kila siku kwa miaka mingi, na ambazo ni wachache waliozifikiria kuwa zastahili kuandikwa. Mojawapo ni stadi ya kusafiri safari ndefu kwa baisikeli: kuijua barabara, maji yake, upepo wake, miinuko yake na salamu za watu wake. Hapa tutaieleza kwa njia moja tu tunayoijua vema, nayo ni ile itokayo Dodoma kwenda Iringa, kilomita 260 hivi, ambayo wakati wa ukoloni ilihesabiwa kuwa sehemu ya ile njia kuu iliyofikiriwa kutoka Cape hadi Cairo.

Twaichagua kwa sababu katika siku tatu za kukanyaga pedali msafiri huikuta nchi kavu, mto mkubwa na milima, na kila kimoja humdai lake. Mji wa Dodoma uko kimo cha mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko Mtera, mahali barabara inapouvuka mto Ruaha Mkuu, kimo ni karibu mita 700. Kisha nchi hupanda tena hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500. Katika ramani ya darasani hizi ni tarakimu. Kwa mwenye baisikeli isiyo na gia ni mapaja na pumzi.

Sisi tuliipita mara ya kwanza mwezi Agosti 1996, tulipokuwa bado karani kijana. Tarishi mmoja wa ofisini, mzaliwa wa Isimani, alikuwa amestaafu tangu mwaka uliotangulia, na kiinua mgongo chake kilikuwa kikizungushwa toka meza hadi meza katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja. Fedha ya nauli na ya mizigo hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni baisikeli yake kuukuu ya Phoenix, akasema atakwenda nayo kwao. Tulipomwambia kwamba si vizuri mtu mzima kama yeye kuikabili barabara ile peke yake, alitutazama kwa utulivu akajibu, "Basi, mwanangu, chukua likizo unifuate, ujifunze." Tukachukua.

Somo la kwanza lilikuwa kufunga mzigo. Kizito hukaa chini, kikikaribia ekseli ya gurudumu la nyuma, na chepesi juu ya keria. Mzigo ulio juu huiyumbisha baisikeli kama mlevi. Kamba yake ilikuwa mpira wa tyubu iliyokatwa vipande virefu, kwa kuwa katani hulegea barabarani lakini mpira huvuta. Maji yalikuwa katika madumu mawili, moja kila upande, ili mizani isipotee. Na alitukataza kunywa katika dumu moja hadi likaisha. Tulikunywa kwa zamu, huku na huku. Mfukoni mwake mlikuwa na viraka, kipande cha msasa, solusheni na spana moja iliyolika.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Katika Ugogo wakati wa kiangazi, mtu mwenye akili hutembea hadi saa tano, akalala kivulini mpaka saa tisa, akaendelea hadi giza. Upepo wa Agosti huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo aendaye Iringa humpiga usoni na bega la kushoto, tena ukiwa na mchanga. Barabara wakati huo ilikuwa ya changarawe na vumbi. Penye mchanga mwingi mzee alipunguza pumzi ya matairi kidogo ili yatanuke, na tulipofika penye ardhi ngumu akayajaza tena kwa pampu, asione taabu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya jangwa. Wageni wengi, na hata baadhi ya vitabu vya shule, huiita Dodoma jangwa. Nchi ile ni kame, mvua yake ni chache na huja takriban Desemba hadi Aprili, lakini jangwa sivyo. Apitaye ndani ya gari ya haraka huona vichaka vikavu na mibuyu iliyo uchi, akahukumu. Apitaye kwa baisikeli huona mifugo, huona mashimo yaliyochimbwa mtoni katika mchanga kutafuta maji, huona mashamba ya mtama na uwele yaliyovunwa, na jioni hukaribishwa katika tembe, ile nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, ambayo ndani yake joto la mchana halikufikii. Tulisalimiwa "Mbukwa", tukala ugali wa uwele kwa mlenda. Hatujui jangwa lililotulisha hivyo.

Miba ya migunga ndiyo adui. Siku ya kwanza tulitobokwa mara nne, na ya nne ilipofika solusheni ilikuwa imekauka katika kichupa chake. Tulidhani safari imekwisha. Mzee aliichomoa tyubu, akakata majani makavu, akayashindilia ndani ya tairi kwa mikono yake miwili mpaka likawa gumu kama mto wa pamba uliojaa, akalirudisha katika rimu. Tulikwenda hivyo, tukirukaruka, mpaka tulipompata fundi kijijini.

Kwenye mteremko wa Fufu, ambapo nchi ya juu ya Dodoma hukatika kuelekea bonde la Ruaha, sisi tulitaka kujiachia. Alituzuia. Breki za baisikeli zile ni vipande vya mpira vinavyobana rimu, navyo vikishika moto huteleza. "Kupanda huchosha," alituambia, "kushuka ndiko kuuako." Tulishuka kwa miguu, tumeshika usukani, hadi mahali alipoona panafaa.

Siku ya pili tulifika Mtera. Barabara hupita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuyahifadhi maji ya Ruaha kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyo chini yake. Tangu 1988 Mtera nako kuna mitambo ya megawati 80. Kulia kwetu maji yalitanda kama bahari ndogo, kushoto mto uliendelea na safari yake. Baada ya siku mbili za vumbi macho hayakuamini. Wavuvi walikuwa wakipanga perege na kambale, na wachuuzi walikuwa wakifunga matenga yao kwenye keria, tayari kuyapeleka vijijini kabla jua halijawa kali. Mwanafunzi aliyesoma juu ya mgao wa umeme wa mwaka 2006, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa yetu, angefaa kusimama pale angalau mara moja, aone taa ya mezani pake inatoka wapi, tena aijue bei ya perege.

Baada ya Izazi huja Nyang'oro. Hapo mtu hapandi; husukuma. Mkono wa kushoto hushika usukani, wa kulia husukuma kiti, mwili huinama, na mwendo huwa wa kupindapinda kutoka ukingo hadi ukingo. Hatukusemezana kwa muda mrefu. Karibu nusu ya mlima mzee alisimama, akailaza baisikeli, akaketi juu ya jiwe huku akikishika kifua. Midomo yake ilikuwa imepauka. Hapakuwa na gari, wala nyumba, wala simu. Tulimpa maji, tukamvua koti, tukakaa chini tukihesabu pumzi zake, na tukawa tunafikiri jinsi ya kuwaeleza watoto wake. Alipopata nafuu alisema, bila hasira, "Barua za watu nimezipeleka miaka thelathini na moja, mvua na jua. Hakuna iliyopotea. Yangu moja ndiyo haijafika."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulizisukuma baisikeli zote mbili kwa awamu, hii hatua mia, kisha kurudi kuifuata ile, naye akitembea polepole nyuma yetu. Jua lilikuwa limeinama tulipofika juu. Hewa ilikuwa imebadilika, baridi ya Uhehe ilitupiga jasho likatukauka mwilini. Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni, akasema "Kamwene", na mzee akamjibu kwa lugha yake, sauti ikiwa nzito kuliko ile tuliyoizoea ofisini. Kutoka hapo hadi Isimani alipanda baisikeli, na sisi tulipata taabu kumfuata. Malipo yake yalitoka mwaka 1998. Twashukuru yalimkuta hai.

Katika miaka ya 2010 njia hiyo ilitiwa lami yote. Hatumo miongoni mwa wanaoililia changarawe. Mama mwenye uchungu wa uzazi hufika hospitali, na mahindi ya Isimani hufika sokoni. Lakini gari zapita kwa kasi, na mwenye tenga la samaki husukumwa hadi ukingoni mwa lami, wakati mwingine kwenye mtaro kabisa. Twaona ni haki yake naye awe na sehemu yake barabarani, maana alikuwapo kabla ya lami. La pili linalotusikitisha ni kwamba wanafunzi wetu huona haya kuonekana juu ya baisikeli, kana kwamba ni tangazo la umaskini. Mwaka 1967 vijana wengi waliikata nchi hii kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, hakuna aliyewacheka.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa jiografia na wa Kiswahili wasiishie ramanini. Wachague kipande kifupi, kwa mfano toka Iringa hadi Isimani na kurudi, ambacho vijana wenye afya hukimaliza kwa siku moja, wakitangulia kuwaarifu polisi na wazazi. Kila mwanafunzi aandike majina ya miti, mito na vilima kama wenyeji wanavyoyataja, na mahali salamu zinapobadilika. Wazee wanaoyajua maji ya zamani ya njia hii wamebaki wachache, nao hufurahi kuulizwa. Agosti iepukwe kwa ajili ya upepo, na Februari na Machi kwa ajili ya mvua. Mwishoni mwa Mei hufaa, ingawa asubuhi za Iringa huwa na baridi kali. Watakaothubutu kushuka hadi Ugogo wachukue viraka vingi, na solusheni mpya.