Nilivyoharibu Gari la Mjomba

Nataka kukueleza habari ya kazi moja ndogo. Ni kazi ya kuondoa mikwaruzo midogo kwenye rangi ya gari na kuling'arisha. Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani, kwa mikono yako. Huenda wewe huna gari. Hata mimi sina. Lakini labda unaosha magari ya watu, au wewe ni dereva, au una pikipiki. Tangi la pikipiki nalo lina rangi, nayo huchakaa vivyo hivyo.

Nitakueleza kwanza jinsi nilivyokosea. Kisha nitakueleza jinsi inavyotakiwa.

GARI JEUSI

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 30. Alipostaafu alipata kiinua mgongo chake. Akaezeka nyumba yake kwa bati, na fedha iliyobaki akanunua gari. Lilikuwa Toyota Corolla jeusi. Lilikuwa limetumika, lakini injini yake ilikuwa nzima.

Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuosha magari kando ya mto. Nilikuwa na ndoo moja na tambara moja. Kila asubuhi nilipita kwa Mjomba na kulifuta gari lake vumbi. Nililifuta kavukavu, harakaharaka, kisha nikaenda zangu. Mjomba alinishukuru.

Mwaka 2011 binti wa Mjomba aliposwa. Ikaamuliwa kwamba bibi harusi atapelekwa kwa gari la baba yake. Siku moja mchana, jua likiwa utosini, Mjomba aliitazama boneti akasema, "Gari hili limeota utando wa buibui."

Nami nikatazama. Ni kweli. Pale jua lilipometa juu ya boneti, palikuwa na mistari myembamba, mingi sana, imezunguka kama utando.

"Niachie mimi, Mjomba," nikasema. "Nitaling'arisha mpaka ujione uso."

MAKOPO MAWILI

Nilikwenda mjini kwenye duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa na dawa ya kung'arishia rangi. Mafundi huiita kompaundi. Aliichota kutoka kwenye madebe makubwa, akaitia katika makopo madogo mawili. Juu ya kila kopo aliandika kwa kalamu ya wino mzito.

"Moja ni kali, moja ni laini," alisema. "Anza na laini. Ile kali ni ya mkwaruzo mkaidi. Usiitumie ovyo. Nimekuandikia hapo juu."

"Nimeona," nikajibu.

Ndugu msomaji, sikuona kitu. Nilikuwa na umri wa miaka 26 na sikujua kusoma. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikabaki kuchunga ng'ombe wa watu. Makopo yale yalikuwa sawa kwa ukubwa, na vifuniko vyake vilikuwa vya rangi moja. Pale dukani nilijua kuwa laini liko mkono wa kulia. Lakini nilipoteremka kwenye basi, yote mawili yalikuwa ndani ya mfuko mmoja. Mfuko hauna kulia wala kushoto.

Ningeweza kuuliza. Binti wa Mjomba alikuwa pale uani akichambua mchele. Angenisomea mara moja. Lakini niliona aibu. Nikachagua kopo moja, nikalifungua.

Gari lilikuwa juani, na boneti ilikuwa ya moto. Nilipaka dawa boneti nzima, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nilikaza zaidi kwenye mkunjo wa boneti, kwa sababu ndipo panapoonekana sana. Mwanzoni kitambaa kilikuwa cheupe. Baadaye kikaanza kuwa cheusi. Nilifurahi! Nilidhani uchafu wa siku nyingi unatoka. Nikazidi kusugua.

Haukuwa uchafu. Ilikuwa ni rangi ya gari. Nilipofuta dawa, niliona kiraka cha kijivu juu ya mkunjo, kirefu kama mkono wangu.

Mjomba alikuja akasimama. "Nini hiki?"

"Ni dawa, Mjomba. Yule mwenye duka ametuuzia dawa mbovu."

Mjomba aliinama akaokota kopo. Akalitazama kwa muda. "Ulisoma hapa juu?"

"Nilisoma."

"Pameandikwaje?"

Nikasema, "Pameandikwa dawa ya gari."

Mjomba alinyamaza. Kisha akageuza kopo kunielekea, akaweka kidole chake chini ya kila herufi. K, A, L, I. Kali. Zilikuwa herufi nne tu.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikaa juu ya kinu kilicholala pale uani, akasema polepole, "Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Wewe ulikuwa unakula nyumbani kwangu, nami sikujua."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeharibu gari lake, na nilikuwa nimemsingizia mtu asiye na kosa.

Siku ya harusi akina mama walitandika kanga juu ya boneti na kuipamba kwa maua. Watu wakasema gari limependeza. Mimi na Mjomba tulijua kilichokuwa chini ya kanga.

Baada ya harusi niliuza mbuzi wangu wawili, nikamlipa fundi wa rangi aipake boneti upya. Nilishinda kwake siku tatu, nikimsaidia kubeba maji. Haya yanayofuata nilijifunza kwake.

ALIYONIFUNDISHA FUNDI

Shika karatasi moja ya kitabu hiki kati ya vidole viwili. Sikia ilivyo nyembamba. Rangi ya gari kutoka kiwandani, matabaka yote kwa pamoja, ina unene wa karibu hivyo. Ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo.

Na rangi hiyo si tabaka moja. Chini kabisa, juu ya bati, kuna rangi ya kwanza inayozuia kutu na kushika rangi nyingine. Aghalabu ni ya kijivu. Juu yake kuna rangi yenyewe, nyeusi au nyekundu au nyingineyo. Katika magari mengi ya siku hizi, juu ya hiyo kuna tabaka lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo. Mafundi huliita klia. Klia peke yake haifiki nusu ya ule unene wa karatasi.

Ule utando wa buibui ni mikwaruzo midogo ndani ya klia. Haikuzunguka kweli. Imelala kila upande, lakini jua hukuonyesha ile tu iliyokaa kulizunguka. Ndiyo maana ukisogea, utando nao unasogea.

Nani aliyeikwaruza? Ni mimi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi. Kila asubuhi nilipofuta vumbi kavukavu, nilikuwa nikiisugua rangi kwa mchanga. Nilishukuriwa kwa kuharibu.

Sasa shika neno hili. Kung'arisha si kupaka. Kung'arisha ni kupunguza. Mkwaruzo ni kama mfereji mdogo. Dawa haijazi mfereji huo. Inashusha kingo zake mpaka zilingane na chini. Basi kila unapong'arisha, klia inapungua, na haioti tena. Itumie kama akiba, kidogokidogo.

KAZI INAVYOFANYWA

1. Osha gari kivulini, bati likiwa la baridi. Tumia ndoo mbili. Moja iwe na maji ya sabuni, ya pili iwe na maji safi ya kusuuzia kitambaa. Mwagia maji kwanza ili mchanga uondoke. Kisha osha kuanzia juu kushuka chini, kwa sababu chini ndiko kwenye mchanga mwingi.

2. Likaushe kwa kitambaa safi na laini. Kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina. Usijaribu kuumaliza kwa kusugua. Utamaliza klia kabla ya kuumaliza mkwaruzo.

3. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mikunjo ya bati. Hapo rangi ni nyembamba zaidi, na mkono hukandamiza zaidi. Hapo ndipo mimi nilipotoboa.

4. Chukua kitambaa laini cha pamba. Fulana kuukuu iliyofuliwa inafaa, lakini kata mishono yake. Anza na dawa laini, daima. Jaribu kwanza mahali padogo kama kiganja, pasipoonekana sana.

5. Ukiona panapendeza, endelea. Weka dawa kidogo tu, kama punje mbili za maharagwe. Fanya sehemu ya shubiri mbili kwa shubiri mbili, usizidishe. Sugua kwa mkono mwepesi, uende na kurudi. Dawa isikaukie juu ya rangi. Futa kwa kitambaa kingine safi, kisha tazama.

6. Angalia kitambaa chako kila mara. Kwenye gari lenye klia, kitambaa hakitakiwi kuchukua rangi ya gari. Kikiichukua, acha hapo hapo. Magari mengi ya zamani hayana klia. Hayo hutoa rangi tangu mwanzo, na hiyo ni kawaida yake, lakini nayo yasuguliwe kidogo.

7. Mikwaruzo ikipungua, inatosha. Usitafute kuimaliza yote. Mwisho paka nta ya gari, nyembamba sana. Ikikauka, ifute kwa kitambaa laini. Nta haiondoi mikwaruzo, lakini inaikinga rangi kwa muda. Baada ya miezi michache huisha, nawe hupaka tena.

Usitumie msasa wala chuma cha kusugulia sufuria. Mashine ya kung'arishia ya umeme mwachie mwenye ujuzi, maana hula rangi upesi kuliko mkono. Mafuta ya breki yakidondoka juu ya rangi, yaoshe mara moja kwa maji mengi, kwa sababu yanailainisha na kuibandua. Kinyesi cha ndege nacho kiloweshe na kukiondoa mapema.

Lakini kazi kubwa ni kuzuia. Usifute vumbi kavu. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye gari mpaka kifuliwe.

NILIPO SASA

Wiki moja baada ya kumlipa fundi, niliingia darasa la kisomo kijijini kwetu. Jioni Mjomba alinikagua daftari langu. Nilipoweza kuandika, nilirudi mjini kwa yule mwenye duka. Nilimweleza kuwa nilimsema vibaya, nikamwomba radhi. Alicheka, akanipa kopo tupu. "Andika wewe," akasema. Nikaandika LAINI.

Leo bado naosha magari, lakini nina ndoo mbili. Moja nimeiandika SABUNI, ya pili nimeiandika MAJI SAFI. Vijana ninaowafundisha kazi wanaanza kwa kunisomea ndoo hizo. Asiyejua namfundisha pale pale, tukiwa wawili tu, ili asione aibu.

Gari la Mjomba bado linatembea. Ukilitazama vizuri juani, weusi wa boneti si sawa kabisa na weusi wa milango. Mjomba anasema haoni tofauti. Mimi ninaiona kila siku.

Ndugu msomaji, ikiwa umefika hapa, basi wewe unasoma. Kabla ya kufungua kopo la dawa, liwe la gari, la mifugo, la shamba au la mtoto, soma lililoandikwa juu yake. Usipolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mwandishi hakumwuliza binti wa Mjomba? Wewe ungefanya nini?
2. Kitambaa kilipokuwa cheusi, mwandishi alifikiri nini? Ukweli ulikuwa nini?
3. "Kung'arisha ni kupunguza." Eleza maana yake kwa maneno yako mwenyewe.
4. Taja vitu vitatu nyumbani kwako vyenye maandishi ambayo ni lazima yasomwe kabla ya kuvitumia.