Njia ya Kisimani

Nilikulia Kisota, Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Nyumbani hatukujihesabu watu wa mjini. Baba akivaa shati lililonyooshwa na kuaga kwamba anakwenda mjini, tulijua anavuka: daladala hadi Feri, tiketi ya shilingi 100, kisha pantoni. Pantoni ikiharibika, ilibidi kuzungukia Kongowe na Mbagala, siku ikaishia njiani.

Kwetu kulikuwa na mikorosho na mihogo, na katikati ya mashamba ilipita njia ya miguu ya kwenda kisimani. Haikuwa ya mtu. Ilipita ubavuni mwa shamba la mzee mmoja jirani, ikapenya chini ya mkorosho mkubwa, ikateremka. Msimu wa korosho tulikuwa tunakaangia hapo, juu ya kipande cha bati kilichotobolewa matundu. Mafuta ya maganda yakishika moto, moshi mweusi unapanda, na bibi anatufokea tuhamie upande usiopigwa na upepo. Tunazima kwa mchanga, tunabangua kwa jiwe, vidole vinabaki vyeusi wiki nzima. Kila aliyepita na ndoo kichwani alipewa punje zake, naye akaacha habari: nani kajifungua, nani hajaamka vizuri.

Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, linalounganisha Kigamboni na Kurasini, upande wa mjini, lilifunguliwa Aprili 2016. Nililifurahia, na bado nalifurahia. Usiku mmoja zamani tulikaa na dada yangu pale kivukoni, uchungu umemshika, taa za mjini tunaziona, pantoni iko upande wa pili. Aliyewahi kusubiri vile hawezi kulibeza daraja.

Ila madalali walilitangulia. Likiwa bado nguzo tu, wao walishaanza kupima mashamba kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Watoto wa yule mzee waliuza. Mkorosho ukawa mkaa. Njia ikapindishwa kuzunguka ukuta wa kwanza, ikabanwa na wa pili, ukuta wa tatu ukaifunga kabisa. Kila muuzaji aliuza hadi mwisho wa mpaka wake, hakuna aliyeihesabu njia.

Siwalaumu walionunua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 milioni 5.38, na wote hao wanahitaji pa kulala. Lakini kwa shangazi, nilikokuwa nafika kwa dakika kumi kwa miguu, sasa napanda bodaboda kuzunguka barabara kuu. Mwaka jana jirani yetu wa miaka yote alifariki. Msiba wake niliujua kwa kuona maturubai.

Wewe unayenunua kiwanja pembezoni mwa mji, iwe Kisota, Chanika au Goba, kabla hujachimba msingi mtafute mzee wa hapo umuulize njia ilikuwa inapita wapi. Iachie mita mbili.