Boi wa Oyster Bay

Mtaani kwetu Kinondoni baba alikuwa mzee wa kuheshimiwa. Posa ikipelekwa, msemaji ni yeye. Ndugu wakigombania nyumba ya marehemu, shauri liliamuliwa barazani kwetu. Lakini kila alfajiri alishika njia kwenda Oyster Bay, mtaa uliotengwa na wakoloni kwa ajili ya Wazungu, na akishavaa kanzu nyeupe iliyotiwa wanga, alikuwa boi. Memsahibu aliita "Boi!" kutoka sebuleni, na baba yangu, ndevu zimeanza mvi, akaitika.

Uhuru ulikuja 1961, wito ule ukabaki. Hata baada ya Azimio la Arusha la 1967, watu wanaitana ndugu kila ofisi, kazi yake iliitwa uboi.

Kiingereza hakujua kukisoma. Barua za sifa alizoandikiwa na waajiri walipokuwa wakirudi kwao, alizitunza ndani ya kopo la biskuti. Nilipoingia sekondari akanipa nimsomee. Boi mwaminifu. Boi msafi. Boi asiyelewa. Nilisoma huku uso ukiniwaka moto.

Wengi hudhani ubaya wa tusi lile ni kumwita mtu mzima mtoto. Ubaya wake una mizizi zaidi ya hapo. Katika Kiingereza cha miaka ya 1300 hivi, neno hilo, boy, lilikuwa la mtumishi, la mtu duni. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye. Waingereza wenyewe waliyajua makali yake: katika tamthilia ya Shakespeare, Coriolanus, jemadari anaitwa hivyo mbele ya watu, anapandwa na hasira, na muda si muda anauawa. Majumbani kwao likaja kuwa neno la watoto. Huku makoloni, toka India hadi Tanganyika, likatumika kwa maana ile ya kale.

Nasi tukalipokea. Leo Kinondoni na Temeke, Mswahili anamwajiri Mswahili mwenzake, baba wa watu, na kumwita hausiboi au shamba boi mbele ya wageni. Linanichoma kila nikilisikia. Kwangu halitamkwi.

Baba alisikiliza barua zote, kimya, hadi ya mwisho.

"Mkate hawakuuandika?"

"Hapana, baba."

"Hebu tazama tena."

Nikatazama tena. Haukuwamo.

"Kila asubuhi nawaokea mkate," alisema, na hapo ndipo nilipomwona amekasirika. "Wanaumaliza wote. Wameandika usafi tu?"