Daftari la Mjomba na Kichwa cha Lumbesa

Mwaka jana, Juni na Julai, ukungu wa Shume ukiwa hauondoki hata saa sita mchana, nilikuwa nasoma orodha ya watu wa New York. Si riwaya wala diwani ya mashairi. Orodha tu: jina la mtu, kazi yake, mwajiri wake, tarehe, na kiasi cha hela alichompa mgombea. Mji ule una chombo chake kinachoitwa Campaign Finance Board, kilichoundwa mwaka 1988 baada ya kashfa za rushwa kuuchafua mji. Mtu yeyote mwenye intaneti, hata akiwa huku juu ambako mtandao unakuja na kuondoka na upepo, anaweza kupakua faili zima na kulifungua.

Nyinyi mnaopenda kusoma mtanielewa nikisema kwamba baada ya mistari mia mbili hivi orodha inaanza kupumua. Unamwona mstaafu anayetoa kidogokidogo, kila mwezi, kama mtu anayelipa ada ya mjukuu. Unawaona wafanyakazi wa kampuni moja waliotoa siku moja, kiasi kimoja, na hapo unajiuliza nani alipita mezani kwao. Hakuna msimulizi anayekueleza lolote. Kazi ya kuunganisha ni yako.

Utaratibu wao una jambo moja lililonivutia kuliko yote. Mkazi wa mji akimchangia mgombea aliyejiunga na mpango ule, hazina ya mji inaongeza dola nane kwa kila dola moja, hadi kikomo fulani. Wapiga kura wenyewe waliupandisha uwiano huo mwaka 2018. Yaani dola 10 za muuza duka zinageuka 90. Nia ni kumfanya mgombea ahangaike na watu wadogo badala ya kumpigia magoti tajiri mmoja. Lakini penye asali nyuki hawakosi. Septemba 2024 meya wao, Eric Adams, alishtakiwa, na moja ya madai ya waendesha mashtaka ilikuwa kwamba hela za mtu mmoja ziligawanywa zikapitishwa kwenye majina ya watu wengine, ili zionekane ni michango midogo na hazina iziongezee. Alikana, na kesi ikafutwa Aprili 2025. Mimi si hakimu wake. Nilichokichukua pale ni mbinu ya kusoma: ukiona majina mengi, kiasi kimoja na muda mmoja, usimame.

Nilikuwa nasoma hayo kwa sababu mjomba wangu alikuwa amenikabidhi kaunta buku.

Mjomba alitaka udiwani. Alianza na kura za maoni ndani ya chama chake, ambacho sitakitaja. Mimi ndiye niliyeonekana nimesoma kidogo na nina kompyuta, basi nikawa mweka hazina bila kikao. Alisema, "Mjomba, nipangie hii michango, maana kuna fomu za kujaza." Huku kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, mjomba kwa mjomba, msichanganyikiwe.

Fomu zenyewe zinatokana na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Sheria hiyo haianzi kazi siku ya kampeni. Inashika tangu mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, na inamtaka mgombea aeleze hela alizonazo na anazotarajia kupata. Marejesho yanaishia kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, si kwenye jedwali ambalo mkulima wa Shume anaweza kulifungua jioni akasoma nani kampa nani. Wenzetu wa Kenya walitunga yao mwaka 2013, ila kila kanuni zinapopelekwa bungeni zinakwama. Mwaka 2021 tume yao ya uchaguzi ilitangaza viwango vya juu vya matumizi, na wabunge wakavitupilia mbali. Wanaopitisha sheria ndio wanaochangiwa, kwa hiyo sishangai sana.

Sasa daftari. Lilikuwa na kurasa kumi na moja zilizoandikwa, kalamu tatu tofauti, na doa la chai. Kazi ya kwanza ilikuwa kuamua safu za jedwali, na hapo ndipo New York ilipogoma kuingia Shume. Safu ya "mwajiri" ilibaki tupu karibu yote, maana nani ana mwajiri hapa? Safu ya "kazi" ingejaa neno moja, mkulima, hata kwa mwalimu na kwa fundi cherehani, kwa sababu wote wana kipande cha viazi mahali. Nikaiacha hiyo nikaweka safu yangu: anauza wapi mazao yake, au anayanunua kutoka kwa nani. Hiyo ndiyo iliyokuja kusema.

Ugumu wa pili ulikuwa michango isiyo hela. Mama mmoja alitoa kuku. Kijana wa bodaboda alitoa safari za siku mbili, petroli juu yake. Mwenye lori alimpa mjomba lifti ya kushuka Lushoto mara nne, na mtu mwingine alitoa spika na jenereta. Gunia la viazi limeandikwa "gunia 1", basi. Nilithamini vipi gunia, wakati bei ya viazi huku inaweza kukatika nusu ndani ya wiki moja, malori yakizidi Kariakoo? Nilitumia bei ya siku ile niliyoulizia kwa wakulima wawili, nikaandika pembeni kuwa ni makadirio. Na bado swali lilibaki: gunia gani? La kilo 100, au lumbesa?

Kwa msomaji wa mjini: lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa, viazi vikapangwa juu na kufungwa kwa kamba hadi gunia lisimame kama mtu aliyevaa kilemba. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kichwa kile hakilipwi. Mkulima anauza gunia moja, mnunuzi anabeba gunia na zaidi. Mzigo unashuka Magamba, Lushoto, Soni, hadi Mombo, na ukifika Dar unauzwa kwa kilo, kila kilo kwa bei yake, ikiwamo ile ya kichwa. Shume imezoea kuona mali ikiteremka. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitega waya wa kuteremshia mbao kutoka huku juu hadi Mkumbara, kwenye reli. Waya haupo, kuteremka kupo.

Mjomba aligombea kwa neno moja hasa: mizani. Alisema akiwa diwani atadai kituo cha kuuzia mazao chenye mzani, dalali apime, alipe kwa kilo. Watu walimpenda kwa hilo. Diwani ana sauti katika halmashauri, na halmashauri ndiyo inayotoza ushuru wa mazao na kuweka vizuizi barabarani. Ikitaka kuliona lumbesa, italiona.

Sehemu ya michango iliingia kwa simu. Nilimwomba mjomba ujumbe wake wa M-Pesa, nikanakili mmoja mmoja na dakika zake. Wengine laini zao zimesajiliwa kwa jina la mke au la mtoto, hivyo katika jedwali langu wanawake walionekana wakarimu ghafla, hadi nilipoanza kuuliza. Kisha nikapanga kwa muda. Jumamosi moja, kati ya saa mbili na robo na saa mbili na nusu usiku, majina tisa yalituma hela. Kila mmoja elfu hamsini. Vijana watupu, watatu kati yao nikiwafahamu, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoa elfu hamsini kwa siasa bila kulala njaa. Nikaangalia safu yangu: wote tisa ni wapakiaji wa dalali mmoja. Ndio wanaopanda juu ya magunia na kufunga kile kichwa.

Nililiangalia jedwali muda mrefu. Kisha nikaenda kwa mjomba, shikamoo, marahaba, chai, habari za mahindi, na mwisho nikamwonyesha kwenye skrini.

Hakushtuka. Alivaa miwani, akasoma majina, akacheka kidogo. "Mjomba," akasema, "hizo ni viazi vyetu zinarudi nyumbani."

Hoja hiyo nimeigeuza huku na huku tangu siku ile, na sijaipata ilipo pancha. Kama kila gunia limemnyang'anya mkulima ndoo nzima miaka yote hii, basi laki nne na nusu ni kichwa cha magunia mangapi? Machache mno. Dalali hakutoa chochote chake. Lakini nilimwuliza mjomba: mbona ametuma kwa majina tisa? Mtu anayerudisha cha wenyewe hujificha? Akanyamaza. Akasema atafikiri.

Hapa sina budi kulitaja neno takrima, maana nyinyi ni watu wa maneno. Ni neno zuri, la ukarimu, la kumheshimu mgeni. Mwaka 2000 liliingia kwenye sheria ya uchaguzi kwa mlango wa nyuma: mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa desturi, haihesabiki kuwa rushwa. Wanaharakati wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu vile vikatamkwa kuwa vinakiuka Katiba. Hukumu iliiponya sheria, neno halikupona. Leo mtu akisema takrima sokoni watu wanacheka na kusugua kidole gumba. Ila mahakama ile ilikuwa ikitazama upande mmoja, hela inayotoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Daftari la mjomba lilinionyesha upande wa pili, nao hauna neno lake. Tunauita mchango, neno lilelile tunalolitumia kwa msiba na harusi. Dalali akijificha ndani ya neno hilo, utamtoa vipi?

Katika vitabu nilivyowahi kusoma kuhusu Usambara, hakuna vilivyonikaa kichwani kama vya Steven Feierman, yule mwanahistoria Mmarekani. Anaeleza jinsi Washambaa walivyogawanya utawala kati ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Watu walimpelekea mfalme mali, na mfalme alitarajiwa kuleta mvua. Aliyepokea akashindwa, au wakubwa walipogombana, nchi iliumwa. Wazee wangu hawakuhitaji Msajili kujua kwamba kitu kilichopokelewa kina deni. Tofauti ni kwamba ng'ombe wa mfalme alionekana akipita njiani, mchana, na kila mtu alijua katoka zizi la nani.

Hata TANU iliishi hivyo. Mwaka 1955, Nyerere alipokwenda kuzungumza Umoja wa Mataifa, nauli ilichangishwa, na mzee John Rupia anakumbukwa mpaka leo kwa ukubwa wa mkono wake. Jina lake halikufichwa. Tunamtaja kwa fahari.

Mjomba alifikiri siku nne. Siku ya tano akaniambia niandike laki nne na nusu kwenye mstari mmoja, kwa jina la dalali mwenyewe, tarehe ileile, kisha fomu iende hivyo. Akampigia dalali kumwarifu. Sikuwapo, ila nilisimuliwa na shangazi kwamba simu haikuchukua hata dakika mbili. Kesho yake dalali alikuja na boda, akataka hela zake. Mjomba alikuwa ameshazitumia kwa fulana na mafuta, akauza mbuzi wawili, akalipa. Ule mstari nikaukata kwa wino mwekundu, nikaandika "imerudishwa" na tarehe.

Kura za maoni alishika nafasi ya tatu. Watu watasema ni kwa sababu ya hela zile. Mimi sisemi hivyo. Aliyeshinda ni mtu anayependwa, na wakati wa njaa alisaidia wengi. Nani alimchangia yeye, hilo jedwali sina.

Baada ya matokeo baadhi ya wachangiaji wa mjomba walianza kupita nyumbani, kwa adabu, kuulizia. Wengine walitaka hela yote, wengine nusu. Aliwalipa kwa viazi, msimu ulikuwa mzuri, na kila gunia alilipima kwenye mzani wa kuning'iniza aliouazima Viti, kilo 100, bila kichwa. Mmoja aliangalia gunia lake akalalamika kwamba ni dogo.

Mama aliyetoa kuku hajaja. Nilimkuta sokoni nikamkumbusha kwamba yumo kwenye orodha, akaniuliza nimemwandika shilingi ngapi. Nikamwambia elfu kumi na mbili. Akasema yule kuku alikuwa anataga, niongeze.