Kilomita 17 Bila Kijiji

Tangu nirudi kutoka hija ya Santiago de Compostela, wengi parokiani wananiuliza habari za milima ya Pirenei. Milima ile niliipanda, nikahema, nikashuka. Ushuhuda wangu unahusu mahali pasipo na hata kichuguu: barabara ya kutoka Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza, kaskazini mwa Hispania.

Njia ya Kifaransa, ndiyo niliyoifuata, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, na kuishia katika kanisa kuu linaloheshimiwa kuwa na kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume. Ni kama kilomita 780. Unaongozwa na mishale ya njano, iliyoanza kuchorwa miaka ya 1980 na Padre Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro. Jioni unagongewa mhuri kwenye pasipoti ya hujaji, unalala, na asubuhi unaondoka. Mimi nilikwenda peke yangu kutimiza nadhiri niliyoweka nikiwa kitandani hospitalini.

Katikati ya njia iko Meseta, uwanda wa juu wa mashamba ya ngano. Ukishatoka Carrión, kwa kilomita 17 hukuti kijiji, na kivuli ni cha kutafuta. Barabara ni ya tangu enzi za Warumi, Via Aquitana, iliyounganisha Bordeaux na Astorga. Imenyooka, ina changarawe, na miguu huisikia kila kokoto. Mwezi wa Julai mahujaji huianza kabla ya mapambazuko.

Siku hiyo sikuweza kuondoka nao. Lengelenge la kisigino lilikuwa limepasuka na kutunga usaha, nikalazimika kungoja kituo cha afya kifunguliwe. Muuguzi alinisafisha, akanifunga bandeji, akaniashiria nitembee polepole. Nilipovuka mto na kuipita monasteri ya San Zoilo, wenzangu walikwisha kuwa mbali. Nilikuwa na lita tatu za maji, mkate, na begi mgongoni.

Jua la kule lina saa zake. Kwetu Songea ukishavuka saa saba unajua limeanza kugeuka. Hispania wakati wa kiangazi hufika kileleni saa nane na ushee, na joto huendelea kupanda mpaka karibu na jioni. Kila nilipojipa moyo kwamba sasa litapungua, lilizidi.

Nikagundua pia kwamba mlima una huruma. Ukiwa mlimani unageuka nyuma, unaliona bonde ulikotoka, unapata nguvu. Uwanda haukupi chochote. Nilitembea muda mrefu, nikatazama mbele: changarawe, mabua ya ngano iliyovunwa, mbingu. Nikatazama nyuma: yaleyale. Bandeji ilikuwa imelowa, nikaanza kuchechemea, kisha goti la mguu mzima nalo likaanza kulalamika kwa kubeba kazi ya wawili. Nikaketi juu ya begi langu katikati ya barabara, nikalia kwa sauti. Hapakuwa na wa kunisikia, kwa hiyo sikujizuia.

Nilipochoka kulia nilitoa daftari. Kabla ya safari, wanajumuiya walikuwa wamenipa nia zao niziombee njiani. Yupo kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi. Yupo mama anayemuuguza mumewe aliyepooza. Yupo mjane mwenye kesi ya shamba. Nikakata shauri: sitatazama mbele tena. Kumi moja la rozari kwa nia moja, macho kwenye viatu. Kumi likiisha, funda moja la maji, nia nyingine.

Sitawadanganya kwamba maumivu yaliondoka. Mguu uliuma hadi mwisho. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kuidai ile barabara inionyeshe mwisho wake. Nilidaiwa Salamu Maria kumi tu, na hizo niliziweza.

Maji yaliisha kabla ya nia. Lakini Mungu si Athumani. Nilisikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Mama mmoja wa makamo, hujaji naye, akasimama. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, nami Kihispania changu ni cha salamu. Akatazama chupa yangu, akaijaza nusu kutoka kwenye yake, akanigusa bega, akaenda zake.

Basi nikaendelea. Mbele bado hapakuwa na kitu, hata paa. Kisha ardhi ikainama ghafla, na Calzadilla ikawa miguuni pangu: kijiji kimekaa bondeni, hukioni mpaka ukifikie. Wakati nalia juu ya begi kilikuwa palepale, na macho yangu yasingeweza kuniambia hivyo.

Santiago nilifika, na cheti nilipewa. Cheti hicho kwa waendao kwa miguu hudai angalau kilomita 100. Kutoka Calzadilla zilikuwa zimebaki karibu 400, kwa hiyo kikaratasi changu hakiihitaji kabisa siku ile. Lakini mkiniuliza hija yangu niliifanyia wapi, nitawajibu ni pale.

Nasema haya kwa sababu najua wapo kati yetu walio kwenye uwanda sasa hivi. Anayeuguza mwaka wa tatu haoni dalili. Anayetuma barua za maombi ya kazi hajibiwi. Siwezi kuwaahidi kwamba kijiji kiko karibu. Ninachoshuhudia ni kwamba kutokukiona si ushahidi kwamba hakipo. Chukua kipande cha leo unachokiweza, kimalize, kisha kamata kingine. Na wewe unayempita mwenzako ukiwa kwenye baiskeli, simama uitazame chupa yake.