Barua za kuomba kazi, toka enzi za taipu

Katika miaka ya 1980 pale Tanga, barua ya kuomba kazi ilianza kwa kupiga magoti: "I humbly beg to apply". Mjomba wangu, karani mstaafu, ndiye aliyewapigia vijana wa mtaa barua hizo kwa taipu yake, nami nikibandika stempu. Kwake Kiingereza kilikuwa kanzu ya Idi: kadiri inavyotariziwa ndivyo inavyopendeza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne alizisambaza viwandani bila kujua kama kuna nafasi, akasubiri jibu kupitia sanduku la posta la shule aliyosoma.

Pamoja na madoido yake, mjomba hakuwa na mchezo kwenye sarufi. Kijana akija na "I want to know is there any vacancy", aliikata palepale. Swali likishamezwa na sentensi, alisema, huacha mpangilio wa swali: "I wish to know whether there is any vacancy". "If" ingefaa pia, ila yeye aliona "whether" ndiyo ya ofisini. Lililomkera zaidi ni "although" kufuatwa na "but" katika sentensi moja. Kwetu "ingawa" na "lakini" huishi nyumba moja bila ugomvi. Waingereza huchagua kimojawapo.

Miaka ya 2000 ikaja na vibanda vya intaneti. Barua zikafupika na "I beg" ikazikwa. Adabu ikahamia kwenye vitenzi: "I would be grateful if you could tell me" ikatosha kubeba heshima yote iliyokuwa ikijaza nusu ukurasa. Mwajiri sasa alitaka kuona mapema unaomba kazi gani na unaweza kufanya nini.

Leo binti yangu anaomba kazi kwa simu, na programu ya akili mnemba inamwandikia Kiingereza ambacho mjomba asingekikuta na kosa. Tatizo ni kwamba wenzake nao wanaandikiwa hivyohivyo. Sarufi safi haimtofautishi tena mtu na mwenzake. Anayeumbuka ni yule anayeshindwa kueleza kwenye usaili kile alichokituma.

Wala si lazima iwe Kiingereza: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayoshughulikia ajira za serikali, huruhusu barua kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi kijana, chagua lugha unayoweza kuisimamia mbele ya jopo, utaje kazi unayoitaka kwa jina lake, na kila sentensi uliyoituma uwe unaielewa.